Kabla Hujajitolea Kutunza Kifurushi cha Programu Huria

Anayetaka kujitolea huwa na hamu ya kuleta kifurushi (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) kipya kabisa. Ushauri wangu ni aanze na kilichopo tayari ila hakina mwenyewe. Debian, mojawapo ya mifumo huria ya Linux, nitakayoitumia kama mfano kwa sababu taratibu zake zimeandikwa kwa kina, ina orodha ya vifurushi vilivyoachwa na watunzaji wake. Ipo pia amri ya wnpp-alert, inayopatikana katika kifurushi cha devscripts, ambayo hukagua kompyuta yako na kukutajia ni vipi kati ya hivyo umevisakinisha. Chagua unachokitumia mara kwa mara. Usichokitumia hutajua kama kimeharibika hadi mtu alalamike.

Kuhusu nyaraka, anza na zilizomo ndani ya mashine yako. Kurasa za man, yaani miongozo inayofunguliwa kwa amri ya man, zinaeleza amri na mafaili ya mipangilio. Chini ya /usr/share/doc kila kifurushi kina folda yake, na humo utakuta leseni, historia ya mabadiliko, na pengine faili la README.Debian, ambamo mtunzaji anaeleza programu inatofautianaje na ilivyotoka kwa waandishi wake. Hiyo historia ya mabadiliko watu huidharau bure. Isome kutoka chini kwenda juu, utaona kifurushi kiliharibika wapi, nani alikitengeneza, na matatizo gani hujirudia kila toleo jipya likija.

Kisha kuna miongozo mikubwa, na kila mmoja una kazi yake. Mwongozo wa sera unasema kifurushi kinapaswa kuwaje, rejea ya wasanidi inaeleza kazi inavyofanyika kati ya watu, na mwongozo wa watunzaji unafundisha kujenga, yaani kugeuza msimbo kuwa kifurushi. Wa sera usijaribu kuumaliza kwa mkupuo; fungua sehemu husika pale lintian, programu ya ukaguzi, inapokulalamikia. Kwa maelekezo ya mitandaoni, angalia kwanza yaliandikwa lini. Mengi bado yanafundisha faili refu la debian/rules, linaloelekeza kifurushi kijengwe vipi, ilhali siku hizi mistari michache hutosha kwa vifurushi vingi.

Jaribu mkono kabla ya kumwahidi mtu chochote. Pakua msimbo kwa amri ya apt source, ujenge bila kubadili kitu, kisha ujenge tena ndani ya mazingira safi yanayoandaliwa na zana za sbuild au pbuilder. Mashine yako imejaa maktaba ulizosahau kwamba uliziweka, kwa hiyo kinachojengeka kwako kinaweza kugoma kwa mwingine. Leseni nazo zikague faili kwa faili. Kazi hiyo inachosha, lakini haina njia ya mkato.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni viraka, yaani mabadiliko madogo yanayofanywa kwenye msimbo. Mwaka 2006 kiraka cha Debian kiliondoa mistari katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliyokuwa ikizua onyo kwenye chombo cha kukagua kumbukumbu. Watengenezaji wa asili waliulizwa kabla, lakini kiraka chenyewe hakikuingia kwenye msimbo wao. Ilipofika Mei 2008 ikatangazwa kwamba unasibu wa kuzalisha funguo za siri ulikuwa umebaki kutegemea tu namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo kikomo chake cha kawaida kwenye Linux ni 32,768, hivyo funguo zikawa rahisi kukisiwa. Funguo zikalazimika kuzalishwa upya kila mahali. Kwa hiyo kabla hujagusa msimbo usioufahamu, hakikisha unajua waandishi wake wanapatikana wapi, na uwatumie kiraka chenyewe wakisome. Swali la juujuu hupata jibu la juujuu.

Andaa pia ufunguo wako wa GPG, wa kutia saini ya kidijitali kwenye kazi yako, na uvumilivu. Mwanzoni hutapakia kitu mwenyewe kwenye hazina ya Debian. Mdhamini mwenye haki hiyo atakagua kazi yako na kuipakia kwa niaba yako, na anaweza kukurudishia mara kadhaa kwa sababu ya nukta moja. Usimwone mkorofi. Mwaka 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejenga uaminifu katika mradi wa xz, programu ya kubana mafaili, kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amepenyeza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Wanaokagua wana sababu.

Mwisho, pima muda wako. Kujenga huchukua saa chache. Kujibu ripoti za hitilafu hakuishi, na hitilafu ya usalama haingoji likizo yako ikamilike. Ukiona huna nafasi ya kutosha, omba kuwa mtunzaji mwenza au ingia kwenye timu. Na ukifika wakati wa kuachia, tangaza wazi. Kifurushi kitarudi kwenye ile orodha, jina la kikundi cha ubora cha Debian litaandikwa mahali pa lako, na mwingine ataweza kukichukua bila kukutafuta.