Hudi ya lenzi: kuichagua na kuitumia

Suti nyeusi iliyotoka kijivu, anga lililopauka, miduara ya rangi iliyojipanga mshazari juu ya uso wa bibi harusi: mara nyingi hapo si kamera mbovu wala lenzi mbovu. Ni jua au taa iliyo nje ya fremu, inayopiga kioo cha mbele kutoka pembeni. Hudi, yaani kikingio cha plastiki au mpira kinachovishwa mbele ya lenzi, ndiyo ya kuuzuia mwanga huo. Mwanga huo haumo kwenye picha unayoitaka, lakini ukishaingia hurukaruka kati ya vioo vya ndani hadi ufike kwenye sensa. Uso wa kioo kisichopakwa dawa huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga. Mipako ya kisasa hushusha kiasi hicho chini ya asilimia 1, ila lenzi ya zumu (inayovuta kitu karibu) huwa na vioo kumi na zaidi, na kila kimoja kina nyuso mbili.

Kuna jaribio la sekunde tano. Elekeza kamera unakotaka kupiga, angalia skrini, kisha kinga lenzi kwa kiganja upande wa jua bila kidole kuonekana kwenye fremu. Rangi zikikolea ghafla na weusi ukarudi kuwa weusi, ulihitaji hudi. Jua likiwa ndani ya fremu yenyewe, hudi haitakusaidia. Hapo jifiche nyuma ya mnazi au nguzo, au sogea hatua mbili.

Nunua kwa msimbo, si kwa kipenyo

Kosa linalopoteza pesa nyingi ni kuingia dukani na kusema "nipe hudi ya 58". Namba hiyo ni kipenyo cha filta tu (kioo cha ziada kinachokazwa mbele ya lenzi), haisemi lenzi inaona upana gani. Chukua lenzi tatu za Canon: EF-S 18-55mm IS II ya zamani, EF-S 18-55mm IS STM, na EF-S 55-250mm IS STM. Zote tatu hupokea filta ya milimita 58. Hudi zake ni tofauti: ya kwanza ni EW-60C, ya pili EW-63C, ya tatu ET-63. Herufi zina maana: W ni lenzi pana, T ni ya kuvuta mbali, S ni ya kawaida, kama ES-68 ya 50mm f/1.8 STM. Kwa Nikon, HB ni hudi ya kufunga kwa meno na HN ni ya kukaza kwenye nyuzi za filta. Soma jina kamili la lenzi kwenye ukingo wake wa mbele, tafuta msimbo wa hudi yake kwenye kitabu cha maelezo, ndipo uende dukani.

Hudi ya petali, ambayo ukingo wake umekatwa kama petali za ua, hukatwa hivyo kwa sababu fremu ni mstatili. Petali ndefu hukaa juu na chini, ambako lenzi inaona upana mdogo zaidi. Fupi hukaa kushoto na kulia. Mikato inaangukia kwenye pembe nne, ambako lenzi inaona upana mkubwa zaidi. Ndiyo maana hudi ya petali iliyokaa mshazari huingiza weusi kwenye pembe. Na ndiyo maana haifai kwa lenzi ambayo ncha yake huzunguka inapotafuta fokasi, kama ile 18-55mm IS II: petali zingezunguka nayo. Lenzi ya namna hiyo ivalishe hudi ya duara.

Hudi ya mpira inayokunjika, inayokazwa kwenye nyuzi za filta, ni ya bei nafuu na ina kazi moja ambayo hudi ya plastiki ngumu haiiwezi vizuri: kupiga picha kupitia kioo cha gari au cha tangi la samaki. Ikandamize kidogo kwenye kioo, na taswira yako mwenyewe itapotea. Zima injini kwanza, la sivyo mtetemo utaingia kwenye picha. Ukiwa na zumu pana, ikunje nyuma.

Hudi za kuiga si mbaya, mradi ukague ndani yake. Ziwe nyeusi isiyong'aa, au zenye mistari myembamba, au zenye kitambaa kama mahameli. Elekeza ndani ya hudi kwenye taa: ukiona mng'aro wa plastiki, hudi hiyo itarudisha mwanga kwenye kioo ulichotaka kukikinga. Dawa yake ni kubandika ndani ukanda wa mahameli meusi yenye gundi. Usifunike meno.

Jaribu kabla ya siku ya kazi

1. Toa filta zote, funga hudi, weka zumu kwenye upana wa mwisho (mfano 18mm).
2. Weka fokasi kwenye kitu cha mbali, kisha elekeza kwenye anga au ukuta mweupe wenye mwanga sawa.
3. Piga picha moja tundu la lenzi (linalopitisha mwanga) likiwa wazi kabisa, nyingine likiwa dogo, kwa f/16.
4. Ondoa hudi, rudia zote mbili, linganisha pembe.
5. Rudia ukiwa umevaa filta unazotumia kila siku.

Pembe kufifia kidogo tundu likiwa wazi ni tabia ya lenzi nyingi hata bila hudi. Lakini pembe nyeusi yenye ukingo unaoonekana wazi kwenye f/16 ni ya hudi, au ya filta mbili zilizopandana. Kwanza hakikisha hudi imekaa sawa. Ikiwa imekaa sawa na weusi ungalipo bila filta, hudi hiyo si ya lenzi yako.

Kuivaa na kufanya nayo kazi

Linganisha nukta ya hudi na nukta ya lenzi, isukume taratibu, izungushe upande wa mshale hadi usikie "tak". Bila mlio huo haijafunga, na itaangukia kwenye mchanga. Ikikwama, usivute kwa nguvu: punje za mchanga zimeingia kwenye mifereji ya meno. Zipulize kwa pampu ya mkono, zipanguse kwa brashi laini, kisha irudishe nyuma kidogo kidogo. Hudi iliyogeuzwa nyuma ni ya kuhifadhi kwenye begi tu. Ukipiga nayo hivyo haikingi chochote, tena inaficha ringi ya zumu.

Ufukweni iache muda wote. Mchanga mweupe na maji hurusha mwanga kutoka chini, na jua la saa kumi na moja jioni linakuja pembeni kabisa. Ukumbini vivyo hivyo, kwa sababu ya taa za mpiga video zinazosimama nyuma ya maharusi. Kwenye upepo mkali, hudi ndefu ya lenzi ya 200mm hutikisa tripodi. Kama hakuna jua la pembeni, iondoe.

Iondoe pia unapotumia fleshi iliyojengwa ndani ya kamera. Fleshi hiyo iko chini sana, hivyo hudi huacha kivuli cha nusu duara chini ya picha, na kwenye zumu pana kinaonekana zaidi.

Kumbuka kwamba hudi ya zumu imepimwa kwa upana wa mwisho. Ukivuta hadi 55mm, ile ya 18-55 inakinga kidogo mno. Hapo ongeza kiganja, au tengeneza bomba la manila nyeusi. Lenzi yenye unene wa milimita 70 ina mzingo wa takriban milimita 220. Ongeza 15 za kupandanisha, ukate kipande cha milimita 235 kwa 80. Kizungushe kwenye ncha ya lenzi, si kwenye ringi inayozunguka. Weka zumu utakayotumia, kisogeze mbele hadi pembe zianze kuwa nyeusi, kirudishe nyuma milimita 5, kisha kifunge kwa tepu nyeusi. Ukirudisha zumu kwenye 18mm, kitoe kwanza.