Anzeni na kalenda, si kikao
Kwa mnaoratibu miradi ya amani na haki hapa Arusha: kabla ya kuitisha kikao, timu za ardhi, wanawake na vijana ziandike kwenye jedwali moja zinakwenda kijiji gani, lini, kumwona nani. Mtakuta mwenyekiti yuleyule kule Longido kapangiwa wageni wa shirika moja mara tatu wiki hiyohiyo, kila timu na gari lake na karatasi yake ya mahudhurio. Unganisheni hapo: gari moja, maswali yaliyochujwa pamoja, na dereva aambiwe mapema (huyu husahaulika mno). Simu na wenzenu wa New York iwe saa kumi jioni, kwao saa tatu asubuhi. Novemba, Marekani wakirudisha saa zao nyuma, sogezeni hadi saa kumi na moja.