Hati haifunguki, au imevurugika baada ya kugeuzwa: tafuta chanzo hatua kwa hatua

Kuna matatizo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, faili halifunguki kabisa. La pili, linafunguka lakini kurasa zimeongezeka, herufi zimegeuka alama zisizosomeka, picha zimehama. La kwanza kwa kawaida maana yake ni kwamba faili limeharibika njiani, au si la aina inayotajwa na jina lake. La pili husababishwa zaidi na fonti, usimbaji wa herufi (namna kompyuta inavyohifadhi herufi kama namba), au jinsi hati ilivyopangwa tangu mwanzo. Ukianza kubofya ovyo bila kujua ni lipi unalo, unaweza kuhifadhi uharibifu juu ya hati nzima.

Hatua ya 1: Tengeneza nakala, kisha angalia ukubwa

Usifungue hati moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe au flashi. Inakili kwanza kwenye diski ya kompyuta, tengeneza nakala ya pili, na fanya kazi kwenye nakala tu.

Sasa tazama ukubwa. Faili lenye KB 0 halina kitu ndani na hakuna programu itakayolitengeneza. Omba utumiwe upya. Tazama pia jina. Likianza na ~$ hiyo si hati. Ni kifaili kidogo cha muda ambacho Word hukiweka kwenye folda wakati hati iko wazi, na watu hukituma kwa bahati mbaya wakidhani ndiyo hati yenyewe.

Hatua ya 2: Jua faili ni la aina gani kweli

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko pengine popote. Kubadilisha jina kutoka barua.odt (hati ya LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word) kuwa barua.docx (hati ya Word) hakugeuzi chochote. Umebadilisha kibandiko tu, yaliyomo ni yale yale.

Kwanza hakikisha unaona viendelezi vya majina, yaani herufi za baada ya nukta kama .docx. Kwenye Windows 11, fungua folda yoyote, bofya “View”, kisha “Show”, kisha “File name extensions”. Baada ya hapo bofya kulia kwenye nakala, chagua “Open with”, kisha Notepad. Utaona takataka nyingi. Usijali, unachohitaji ni herufi za mwanzo tu:

- PK: hili ni furushi la zip. Docx na odt zote ziko hivi. Ukiona karibu na mwanzo maneno “opendocument.text”, ni odt; ukiona “[Content_Types].xml”, ni hati ya Office mpya, kwa kawaida docx.
- ÐÏ: ni doc ya zamani, ile ya Word 97 hadi 2003. Lakini docx iliyofungwa kwa nywila nayo huanza hivi hivi, kwa hiyo muulize aliyekutumia kabla ya kuamua kwamba imeharibika.
- {\rtf1: ni rtf, aina nyingine ya hati ya maandishi.
- %PDF: ni PDF iliyopewa jina lisilo lake.
- <html: ni ukurasa wa wavuti uliopewa jina la doc. Mifumo mingi ya mtandaoni hutoa ripoti za namna hii. Picha zake mara nyingi haziko ndani ya faili, zimeunganishwa tu kwa anwani, ndiyo maana hupotea ukiwa nje ya intaneti.

Funga Notepad bila kuhifadhi. Ukihifadhi humo, umeiharibu hati. Kisha lipe faili kiendelezi chake halisi na ulifungue upya. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Hatua ya 3: Kama bado halifunguki

Bofya kulia kwenye faili, nenda “Properties”. Kama chini kuna kisanduku cha “Unblock”, weka tiki na ubofye “OK”. Windows huyawekea kizuizi mafaili yaliyotoka mtandaoni.

Ikishindikana, ndani ya Word nenda “File”, “Open”, “Browse”. Bofya faili mara moja tu, kisha bofya kimshale kilicho kando ya kitufe cha “Open” na uchague “Open and Repair”. Ikigoma, jaribu LibreOffice. Programu hizi mbili hazisomi faili kwa njia moja, na hati inayokataliwa na moja huweza kufunguka kwenye nyingine. Pia LibreOffice ndiyo ya kukimbilia kwa hati za WordPerfect na Microsoft Works.

Njia ya mwisho ni kuokoa vipande. Badilisha jina la nakala kutoka .docx kuwa .zip na ulifungue. Picha ziko kwenye folda word/media, zikiwa nzima. Maandishi yako ndani ya word/document.xml, kwenye odt yako ndani ya content.xml. Utapoteza mpangilio, lakini maneno ndiyo yaliyokuwa magumu kuandikwa.

Hatua ya 4: Herufi zilizogeuka

Umefungua hati, na neno “ng’ombe” linasomeka “ngâ€™ombe”. Ritifaa iliyopinda (’) huhifadhiwa kwa baiti tatu katika usimbaji wa UTF-8. Programu iliyolifungua faili imedhani ni Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi moja, kwa hiyo ikaonyesha alama tatu: â, €, na ™. Hakuna kilichopotea. Kimesomwa vibaya tu.

Funga bila kuhifadhi. Kwenye Word nenda “File”, “Options”, “Advanced”, shuka hadi sehemu ya “General” na uweke tiki kwenye “Confirm file format conversion on open”. Fungua faili tena. Word ikikuuliza aina, chagua “Encoded Text”, kisha “Other encoding” na “Unicode (UTF-8)”. Kidirisha kinakuonyesha sampuli ya maandishi hapo chini, itazame kabla ya kukubali. Kwenye LibreOffice, dirisha la kufungulia lina aina ya faili iitwayo “Text - Choose Encoding”, na kazi yake ni hiyo hiyo.

Kama mtu ameshahifadhi hati ikiwa na alama hizo, tumia Ctrl+H: tafuta â€™ na uweke ’ mahali pake. Lakini ukikuta alama za kuuliza au vijisanduku mahali pa herufi hata baada ya kubadilisha fonti, herufi zenyewe huenda zimeshafutwa. Rudi kwenye faili la asili.

Hatua ya 5: Kurasa zilizoongezeka

Hati ilikuwa na kurasa 40, sasa ina 43, na vichwa vya habari vimebaki peke yake chini ya kurasa. Anza na fonti. Kompyuta isiyo na fonti iliyotumika huweka nyingine mahali pake. Upana wa kila herufi ukibadilika kidogo tu, maneno yanavukia mstari unaofuata, na kosa dogo la mstari mmoja linasukuma kila kitu hadi mwisho wa hati.

Kwenye LibreOffice, weka kishale ndani ya maandishi na utazame kisanduku cha jina la fonti: jina likiwa limeinama, fonti hiyo haimo kwenye kompyuta. Kwenye Word nenda “File”, “Options”, “Advanced”, kisha “Font Substitution”. Suluhisho ni haya:

Kama unahamia LibreOffice na hati imetumia Calibri, hakikisha Carlito ipo. Kwa Cambria tumia Caladea. Kwa Times New Roman na Arial kuna Liberation Serif na Liberation Sans. Fonti hizi zimechongwa kwa vipimo vile vile vya upana, kwa hiyo mistari haihami hata kama umbo la herufi linatofautiana kidogo. Kama wewe ndiye mtumaji, pachika fonti ndani ya hati: Word ni “File”, “Options”, “Save”, “Embed fonts in the file”, LibreOffice ni “File”, “Properties”, “Font”. Faili litakuwa kubwa zaidi, na fonti nyingine leseni yake hairuhusu kupachikwa.

Fonti zikiwa sawa na kurasa bado hazilingani, pima karatasi. A4 ni milimita 210 kwa 297, Letter ni takriban 216 kwa 279. Tofauti ya kimo ni kama milimita 18, sawa na mistari mitatu au minne ya maandishi kwa kila ukurasa.

Hatua ya 6: Majedwali, picha na nafasi

Washa alama zilizofichwa: Ctrl+Shift+8 kwenye Word, Ctrl+F10 kwenye LibreOffice. Ukiona vinukta vingi mfululizo, mwandishi alisogeza maneno kwa kubonyeza nafasi. Ukiona alama za aya tupu zimepangana, alisukuma ukurasa kwa kubonyeza Enter. Hakuna kigeuzi kinachoweza kuvihifadhi vitu hivi salama. Badilisha nafasi ziwe vituo vya tab, na aya tupu ziwe mkato wa ukurasa kwa Ctrl+Enter.

Picha zinazoelea zigeuze kuwa “In Line with Text”, au kwenye LibreOffice “Anchor”, “As Character”. Kubali au kataa marekebisho yote yaliyofuatiliwa (“Track Changes”) kabla ya kugeuza. Makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya hati, hazihifadhiwi ndani ya docx, tumia docm.

Kwa doc ya zamani, epuka kitufe cha “Convert” kilicho kwenye “File”, “Info”, kwa sababu hugeuza hati yenyewe badala ya kukuachia ya zamani. Tumia “Save As” na uchague docx.

Hatua ya 7: PDF kwenda Word

Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Lisipochagulika, hiyo ni picha ya karatasi na inahitaji programu ya kutambua herufi. Likichagulika, Word 2013 na matoleo yaliyofuata hufungua PDF yenyewe. Tarajia marekebisho: PDF hukumbuka kila herufi iko wapi kwenye ukurasa, na mara nyingi haijui aya inaanzia wapi, hivyo Word inakisia. Kumwomba mwenye hati faili la asili kutakuokolea muda mwingi zaidi.

Hatua ya 8: Mafaili mengi kwa pamoja

Funga LibreOffice kabisa, kwa sababu ikiwa wazi amri huweza kuisha kimya bila kugeuza kitu. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) ndani ya folda yenye hati na uandike:

soffice --headless --convert-to docx --outdir mpya *.odt

Kama Windows haiitambui amri, andika njia kamili ndani ya alama za kunukuu: "C:\Program Files\LibreOffice\program\soffice.exe". Ikimaliza, hesabu mafaili kwenye folda ya mpya na uyalinganishe na ya awali. Kisha fungua yale yenye majedwali, tanbihi na orodha ya yaliyomo, na uyatazame kando ya asili ukurasa kwa ukurasa. Orodha ya yaliyomo ihuishe kwenye Word kwa kuchagua yote na kubonyeza F9, maana namba zake bado ni za mpangilio wa zamani.