Somo: Kupaa na ndege Malindi au Manda (Lamu) bila kugongana na mwenzio

Tarehe 5 Machi 2024 ndege mbili zilizotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ziligongana juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi: Cessna 172 ya mafunzo, na ndege ya abiria aina ya Dash 8 yenye watu 44 iliyokuwa ikija huku pwani, Diani. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Tangu hapo simruhusu mwanafunzi wangu wa urubani kupaa kabla hatujapitia haya.

Hatua ya 1. Sikiliza redio ukiwa bado umeegesha. Andika kwenye karatasi ya pajani nani anaingia, nani anatoka, yuko futi ngapi. Kusi ikivuma hakuna ubishi, sote tunapaa kuelekea kusini. Ninayoiogopa ni asubuhi ya shwari, kitambaa cha upepo kimelala: kila rubani huchagua upande unaomfaa, na wawili wanaweza kuanza kutoka ncha mbili tofauti. Taja upande wako mapema, kisha urudie.

Hatua ya 2. Kabla ya kuingia njia ya kurukia, igeuze ndege utazame anayekuja kutua. Tazama pande zote mbili. Taa ya kutua iwake, na transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwa wengine, itume kimo. Mitambo ya ndege kubwa ya kuonya haikuoni ukizima transponda.

Hatua ya 3. Ukipaa, pua huficha kilicho mbele. Ishushe kidogo kila baada ya muda, uchungulie. Cessna bawa lake liko juu, na ukigeuka linaziba kule kule unakokwenda. Kwa hiyo inua bawa la upande huo kwanza, tazama, ndipo ugeuke.

Hatua ya 4. Usigeukie Nairobi mpaka ujue aliyekutangulia yuko wapi. Kama humwoni, muulize. Ndege mbili za kasi ya noti 120 (maili 120 za baharini kwa saa) zikikabiliana, kila sekunde zinakaribiana mita 120 na ushei. Kuona, kutambua na kukwepa huchukua kama sekunde 12, yaani kilomita moja na nusu imeshaliwa. Kwa umbali huo ndege ni kama nzi kiooni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Nitajuaje kama ndege niliyoiona inanijia?
Marahaba. Ikiwa inasogea kiooni, mtapishana. Ikiwa imeganda pahali pamoja huku inakua, hiyo ndiyo yako. Badilisha mwelekeo mara moja. Mkikabiliana uso kwa uso, kila mmoja aende kulia.

Mnara wa kuongozea ndege ukiniambia kuna ndege "saa mbili", nitazame wapi?
Swali zuri, maana saa zetu za Kiswahili huwachanganya wengi. Hapa hatuhesabu saa za mchana. Fikiria uso wa saa umelazwa, pua yako ni 12. Tazama ilipo namba 2: mbele, kulia.

Natoka Manda na Cessna, nyuma yangu kuna Caravan, ndege kubwa kuliko yangu na yenye kasi. Si yeye anayepaswa kunipisha?
Ndiyo, anayepita ndiye anayekwepa, na apite kuliani kwako. Lakini mwanangu, yeye anapanda pua juu, na huenda uko chini ya pua hiyo. Mwambie kimo chako na unakoelekea, umsikie akijibu kwamba amekuona. Asipojibu, usipande zaidi, sogea pembeni, umwache apite.