Jinsi ya kuomba namba ya CVE ukigundua mwanya wa kupenyeza amri kwenye ruta ya nyumbani

Umeingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta yako, ukafika pale pa kupima mtandao penye kisanduku cha kuandika anwani. Badala ya anwani peke yake umeandika 192.168.1.1;reboot ukabonyeza kitufe. Kimya kidogo, kisha taa zote zikazimika na kuanza kuwaka upya moja baada ya nyingine. Ruta imechukua ulichoandika, ikakiunganisha na amri yake bila kukichuja, na ile nukta mkato ikaiambia Linux iliyomo ndani kwamba amri ya kwanza imeisha, ifuate ya pili. Ruta nyingi za nyumbani huendesha ukurasa huo kwa mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu asiyewekewa mipaka, kwa hiyo anayeweza kuiwasha upya anaweza pia kuipakulia programu yake na kuifanya mtumwa.

Pengine kivinjari kitaikataa hiyo nukta mkato. Usiache hapo. Mara nyingi mlinzi amekaa kwenye kivinjari tu, na ombi lilelile ukilipitisha kwenye Burp Suite, programu ya kunasa na kubadilisha maombi ya kivinjari, ruta inalipokea bila swali.

Sasa uombe namba. CVE ni orodha ya kasoro za usalama iliyoanza mwaka 1999, inaendeshwa na shirika la MITRE la Marekani kwa fedha za serikali ya nchi hiyo. Kila kasoro hupewa namba yake, ili fundi wa Mombasa na mtengenezaji wa Shenzhen wakitaja namba wajue wanazungumzia kitu kimoja. Kuomba ni bure. Ukidaiwa ada, umeangukia kwa matapeli.

Uzuri wa namba unauona kwenye CVE-2023-1389. Ni mwanya wa ruta ya TP-Link Archer AX21: kigezo (parameter, yaani thamani inayotumwa na ukurasa) cha kuchagua nchi kilipokea amri, tena bila mtu kuingia kwa nenosiri. Ulionyeshwa kwenye mashindano ya udukuzi ya Pwn2Own ya Toronto, Desemba 2022, na mtengenezaji akatoa sasisho. Hata hivyo, Aprili 2023 wenye kundi la Mirai, programu hasidi inayogeuza vifaa kuwa watumwa, walikuwa tayari wanautumia kukusanya ruta za watu ambao hawakusasisha. Mei 1 CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, ikauweka kwenye orodha yake ya kasoro zinazotumiwa na wadukuzi. Wote walioufuatilia walishika namba ileile.

Kabla ya kugusa fomu

Geuza ruta usome lebo ya chini. Andika modeli kamili na toleo la kifaa, lile linaloandikwa V1, V2 au V3, kisha toleo la programu ya ndani kutoka kwenye ukurasa wa mipangilio. Ruta mbili zenye jina moja lakini V tofauti zinaweza kuwa na chipu tofauti na programu tofauti kabisa. Pakua sasisho la karibuni kutoka kwa mtengenezaji, uliweke, ujaribu tena. Kama mwanya umeshazibwa, bado unaweza kustahili namba kwa matoleo ya nyuma, ila maelezo yako yatabadilika.

Jaribu pia ukiwa umetoka kwenye akaunti. Fungua dirisha la faragha, tuma ombi bila kuingia, uone. Jibu la jaribio hilo ndilo litakalopandisha au kushusha uzito wa ugunduzi wako. Kwa CVSS 3.1, kipimo cha uzito wa kasoro chenye alama hadi 10, mwanya unaotumiwa na yeyote aliye kwenye mtandao wa nyumbani bila nenosiri, wenye madhara makubwa pande zote, hupata 8.8, kama ulivyopata ule wa AX21. Uleule ukihitaji nenosiri la msimamizi hushuka hadi 6.8.

Halafu tafuta kwenye cve.org kama kuna aliyekutangulia. Tafuta kwa modeli, na pia kwa jina la ukurasa au kigezo, maana ruta za bei nafuu huazimana programu: CVE-2014-8361 ilikuwa ndani ya vifaa vya programu (SDK) vya Realtek, watengenezaji wa chipu, ikaonekana kwenye ruta za chapa nyingi.

Na ruta iwe yako. Sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zote zinahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa, na nia njema haikugeuzi mwenye ruhusa. Ile uliyokodishwa na kampuni ya intaneti, omba ruhusa kwanza. Ya jirani, usiiguse.

Mlango wa kugonga

Hapa ndipo wengi hukwama. MITRE haitoi namba zote. Imegawa kazi kwa mamia ya washirika wanaoitwa CNA, na kila mmoja ana eneo lake. Watengenezaji kama Huawei, ZTE, Zyxel na Netgear hutoa namba za bidhaa zao wenyewe. Fungua orodha ya washirika kwenye cve.org, tafuta jina la mtengenezaji, utaona anwani ya kupeleka taarifa na mipaka ya anachoshughulikia. Ombi langu la kwanza nililipeleka kusikohusika, nikasubiri wee, nikaambiwa nianze upya kwa mtengenezaji.

Asipokuwemo kwenye orodha, nenda kwenye fomu ya MITRE, cveform.mitre.org. Akiwemo lakini ananyamaza, peleka kesi CERT/CC, kituo cha kuratibu taarifa za kasoro cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kupitia mfumo wao wa VINCE; wao humtafuta mtengenezaji, na kwa kawaida hutangaza baada ya siku 45, sasisho liwepo lisiwepo. Ruta iliyozeeka na kuachwa bila masasisho nayo hupewa namba, kwa hiyo jibu la "hatuihudumii tena" lisikurudishe nyumbani.

Kujaza fomu

Fomu ya MITRE ni ya Kiingereza. Juu kabisa chagua ombi la namba mpya, weka barua pepe unayoifungua kila siku, kisha taja idadi ya kasoro. Kuhesabu kuna kanuni: kasoro zinazoweza kuzibwa kila moja peke yake huhesabiwa mbalimbali. Vigezo vitano vinavyopita kwenye kipande kimoja cha msimbo kibovu huenda ni kasoro moja.

Kwenye aina ya kasoro, usipoiona yako kwenye orodha chagua "nyingine" uandike mwenyewe, na utaje CWE-78, namba ya kundi la kupenyeza amri za mfumo endeshi. Sehemu iliyoathirika ni jina la faili au ukurasa. Njia ya shambulio ni kigezo chenyewe.

Kazi kubwa iko kwenye maelezo yanayopendekezwa. Yaandike kwa Kiingereza, kwa sentensi moja au mbili zenye mpangilio huu: kupenyeza amri katika ukurasa fulani wa ruta fulani, toleo fulani na ya kabla yake, kunamwezesha mtu aliye kwenye mtandao wa ndani, bila kuingia, kuendesha amri kwa mamlaka ya root kupitia kigezo fulani. Historia ya jinsi ulivyokesha nayo haina nafasi hapo.

Baada ya kutuma utapata barua pepe yenye namba ya ombi. Kila unapojibu, acha kichwa cha barua kama kilivyo, la sivyo ujumbe wako utapotea njiani.

Ukipewa namba ya CVE, itaonekana kwanza kama imehifadhiwa tu, bila maelezo. Haitachapishwa mpaka kuwe na taarifa ya wazi mtandaoni inayoitaja: tangazo la mtengenezaji, au andiko lako mwenyewe. Likishakuwa hewani, rudi kwenye fomu ileile, chagua kuarifu kuhusu uchapishaji, bandika kiungo. Ukija kugundua baadaye kwamba V3 nayo imeathirika, fomu hiyohiyo ina sehemu ya kurekebisha rekodi iliyokwisha kuchapishwa.