Laptopu Badala ya Kompyuta ya Mezani? Namna ya Kuamua, Kisha Kuchagua

Watu wengi huanza kuchagua laptopu wakiwa tayari mbele ya rafu ya dukani, wakilinganisha bei na jina la prosesa. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kila anayenijia na swali hili namrudisha kwanza kwenye mashine anayoitumia sasa. Humo ndimo lilimo jibu la kama laptopu itaweza kushika nafasi ya kompyuta ya mezani, na ya aina gani. Mpangilio ulio hapa chini ndio ninaoufuata ninapomchagulia mtu. Usiruke hatua mbili za mwanzo, hata kama unaona unajua unachotaka.

Hatua ya 1: Pima kazi yako kwenye mashine uliyonayo

Subiri siku yako yenye kazi nyingi. Fungua kila unachofungua siku hiyo: kivinjari na vichupo vyake vyote, majedwali, programu ya uhasibu, kikao cha video, chochote kile. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha ingia sehemu ya Performance. Kwenye Mac fungua Activity Monitor.

Andika mambo matatu: RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika programu zilizofunguliwa) inayotumika ni GB ngapi, diski imejaa kiasi gani, na prosesa inafanya kazi namna gani. Hili la mwisho litazame kwa muda. Je, prosesa inapanda hadi karibu asilimia 100 kwa sekunde chache na kushuka, au inapanda na kubaki huko juu kwa dakika ishirini, nusu saa, saa nzima? Anayeandika, anayefanya hesabu na anayesoma ataona milima mifupi. Anayehariri video, anayechora majengo kwa vipimo vitatu au anayeendesha mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta) ataona uwanda wa juu usioshuka. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Amua kama laptopu itachukua nafasi nzima

Prosesa hubadili karibu umeme wote inaoutumia kuwa joto, na joto hilo lazima litoke. Kasha la mezani lina nafasi, feni kubwa na vyuma vizito vya kupozea. Laptopu ina feni moja au mbili nyembamba, na nyingine hazina hata moja. Kazi fupi haioneshi tofauti. Kazi ndefu huionesha: laptopu ni mkimbiaji wa mita 100, anaanza kwa kasi ileile, lakini ukimwambia aendelee bila kupumzika atalazimika kupunguza mwendo. Joto likifika kikomo, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Ndiyo maana jina peke yake halitoshi. Chukua prosesa mbili za Intel Core i7 za kizazi cha 13. Ile ya mezani, i7-13700, ina kori (vitengo vya kufanyia kazi) 16, na 8 kati ya hizo ni zile kubwa zenye nguvu. Imeundwa kwa wati 65 za msingi. Ile ya laptopu nyembamba, i7-1355U, ina kori 10, kubwa zikiwa 2 tu, na wati 15 za msingi. Zote mbili hutangazwa kama i7. Kwenye kadi za michoro pengo ni kubwa zaidi: GeForce RTX 4090 ya mezani ina kumbukumbu ya GB 24 na hutumia hadi wati 450, ya laptopu yenye jina hilohilo ina GB 16 na haipewi zaidi ya takriban wati 175. RTX 4070 ya mezani ina GB 12, ya laptopu ina 8. Ukifananisha majina badala ya wati, unadanganyika bila mtu yeyote kukudanganya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama hatua ya kwanza ilikuonesha milima mifupi, laptopu inaweza kuchukua nafasi ya kompyuta ya mezani moja kwa moja, mradi ukiwa nyumbani au ofisini uiwekee kioo cha nje na kibodi ya nje. Sharti hilo nalisisitiza kwa sababu ya shingo yako, na nitalirudia. Tena utapata faida moja ambayo kompyuta ya mezani haina bila UPS (betri ya akiba ya nje): umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Kama uliona uwanda wa juu, na kazi hiyo huifanyia mahali pamoja, baki na mashine ya mezani. Kwa fedha ileile utapata nguvu zaidi, kelele kidogo, na miaka ijayo utabadilisha kadi ya michoro au ugavi wa umeme bila kununua mashine nyingine. Ukihitaji kutoka nayo mara mojamoja, nunua laptopu ya kawaida ya kuandikia na kuwasiliana, kazi nzito ibaki mezani. Watu hulikataa wazo la mashine mbili kwa kudhani ni ghali, lakini laptopu ya kawaida pamoja na kompyuta nzuri ya mezani mara nyingi hugharimu pungufu ya laptopu moja nzito yenye kadi kubwa ya michoro. Isitoshe, laptopu hizo nzito hupoteza sehemu kubwa ya kasi zikichomolewa kwenye umeme, kwa hiyo ule uhuru wa kutembea nazo ni mdogo kuliko unavyodhaniwa.

Anayefanya kazi nzito na hana budi kusafiri nayo ndiye pekee ambaye ningemwambia anunue laptopu nzito, na anunue akijua anachokiacha.

Hatua ya 3: Anza na visivyobadilishika

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Wao huanza na prosesa. Mimi huanza na vile ambavyo hutaweza kuvibadilisha baadaye, au utavibadilisha kwa gharama kubwa: RAM, kioo, kibodi na bawaba.

RAM kwanza. Laptopu nyembamba nyingi za sasa zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na MacBook tangu zile za M1 za mwaka 2020 zina RAM iliyofungwa pamoja na prosesa. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho hadi mwisho. Uliza wazi: RAM imechomelewa au ina nafasi ya kuchomekea? Kama maelezo yameandikwa LPDDR, karibu kila mara imechomelewa. Chukua kile kiasi ulichoandika katika hatua ya 1, ongeza nusu yake, halafu panda hadi kipimo kinachofuata. Mtu aliyekuwa akitumia GB 9 atafika 13 na kitu, anunue 16. Kwa watu wengi 16 ndiyo sahihi. GB 8 zilizochomelewa simshauri mtu anayetaka mashine yake pekee imfae kwa miaka mitano. Wa video na mashine pepe waanzie 32.

Kioo kinafuata, na hapa dukani watu hupita haraka mno. Kwa inchi 14 hadi 16, pikseli (nukta zinazounda picha) zisipungue 1920 kwa 1080. Ukipata 1920 kwa 1200, bora zaidi, maana urefu huo wa ziada unaonekana kila unaposoma au kuandika. Mwangaza usipungue niti 300. Anayekaa karibu na dirisha atafute 400. Ukiona kwenye maelezo rangi zimeandikwa 45% NTSC, jua ni kioo chenye rangi zilizopauka: kwa maandishi kinafaa, kwa picha hakifai. Kisha fanya jaribio ambalo halihitaji karatasi yoyote: kitazame ukiwa umesimama, umeinama, na ukiwa pembeni. Rangi zikigeuka au kioo kikiwa cheusi, kiache.

Kibodi iandikie aya nzima, siyo jina lako tu. Bonyeza katikati kwa kidole. Sehemu ile ikizama, mwili wa laptopu ni dhaifu. Halafu fungua na kufunga kioo taratibu ukitazama pembe za nyuma. Bawaba ni kati ya vitu ninavyovitengeneza mara nyingi sana, na chanzo kwa kawaida ni kilekile: chuma kigumu kimefungwa kwa skrubu kwenye plastiki nyembamba, na siku moja plastiki inapasuka. Kama kufungua kunahitaji nguvu nyingi au pembe zinainuka, usiichukue hata ikiwa mpya.

Hatua ya 4: Sasa prosesa na diski

Baada ya hayo, prosesa ni rahisi. Tazama herufi ya mwisho ya jina. Kwa Intel, U ni ya kuokoa umeme. H na HX ni za kazi nzito, zenye joto na njaa ya betri. AMD nao wana U kwa wepesi na HS au HX kwa nguvu. Milima mifupi inahitaji U, na hakuna sababu ya kulipia zaidi. Ukiruhusiwa kuijaribu mashine, endesha Cinebench, programu ya kupima kasi ya prosesa, mzunguko mmoja, uandike alama, kisha iache ijirudie kwa dakika 10. Kushuka kidogo ni kawaida. Alama ikianguka sana, upozaji wake hautoshi.

Diski iwe SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka, basi. Aina ya NVMe, yenye kasi zaidi, ikipatikana vizuri, lakini kwa matumizi ya kawaida kuhama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote ndiko utakakokuhisi. Diski huwa inabadilishika kwenye laptopu nyingi zisizo MacBook, kwa hiyo fedha ikibana, punguza hapa na usiguse RAM.

Hatua ya 5: Betri na matundu

Saa za betri zilizoandikwa kwenye boksi ziache. Tafuta wati-saa, yaani Wh, uzigawe kwa wati ambazo mashine inakula. Laptopu nyepesi kwenye kazi ya maandishi hula takriban wati 8, hivyo betri ya Wh 50 itakupa saa sita. Mashine nzito inayokula wati 25 itaimaliza betri hiyo kwa saa mbili. Hutakuta betri inayozidi Wh 100 kwa sababu hicho ndicho kikomo cha kawaida cha kuingia nayo ndani ya ndege bila kibali.

Kuhusu matundu, kuwa makini na USB-C, hasa wewe unayetaka laptopu ikae mezani. Tundu ni la umbo moja, kazi ni tofauti: moja hupitisha data tu, jingine hupitisha na picha ya kioo cha nje, jingine linachaji pia. Unalolitaka ni lile linalofanya yote matatu, ili kebo moja ikuunganishe na meza nzima. Tundu la USB-C lenye Thunderbolt 4 kwa kawaida hufanya hivyo. Kama haipo, hakikisha angalau kuna HDMI.

Hatua ya 6: Ikiwa imetumika

Laptopu za ofisi zilizotumika ni chaguo ninalolipenda, kwa kuwa bawaba na kibodi zake mara nyingi ni imara. Lakini kagua. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotengenezwa na ulinganishe uwezo wa betri wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya asilimia 70, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mapatano. Washa na uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, ondoka. Zaidi ya hilo, mashine ambayo bado imesajiliwa chini ya kampuni inaweza kudai akaunti ya kampuni hiyo siku utakapoisafisha na kuweka Windows upya, kwa hiyo omba isafishwe mbele yako hadi ifike mwisho.

Angalia pia kizazi cha prosesa. Muda wa kawaida wa Windows 10 kupata masahihisho ya usalama uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya mashine) pamoja na Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au, kwa laptopu, AMD Ryzen za mfululizo wa 3000 kuendelea. Iliyo chini ya hapo inunue tu kama unakusudia kutumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows.

Hatua ya 7: Ipange mezani kabla hujaiaga ya zamani

Kibodi na kioo cha laptopu vimeungana, kwa hiyo ukiviweka sawa kwa mikono, shingo inainama. Ukiviweka sawa kwa macho, mabega yanainuka. Kwa saa moja huoni tatizo. Kwa saa nane kila siku, utaliona. Tumia kioo cha kompyuta yako ya zamani, ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo, na kibodi ya nje iwe mahali ambapo viwiko vinakunjika bila kuinuka. Kioo chenye tundu la VGA pekee kitahitaji adapta. Hiyo ni bei ndogo kuliko kioo kipya.

Kwa kuwa itakaa kwenye umeme muda mrefu, tafuta kwenye mipangilio ya mtengenezaji sehemu ya kuzuia chaji isipite asilimia 80. Betri ya lithiamu inayokaa imejaa ndani ya mashine yenye joto huchakaa upesi. Acha pia nafasi chini na nyuma ili hewa ipite.

Tumia mashine zote mbili sambamba kwa mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo utakumbuka printa iliyosahaulika, programu ya mwisho wa mwezi, au folda iliyokuwa nje ya Documents. Programu zenye leseni ya mashine moja zizime kwanza kwenye ya zamani, kisha ziwashe kwenye mpya. Ukianza na kufuta diski, nyingine zitahesabu kuwa bado zinatumika. Nakala ya faili zako iwe mahali pawili nje ya laptopu, maana sasa kazi yako yote iko kwenye kitu kinachoweza kuanguka au kuibwa. Diski ya mashine ya zamani inaweza kuwa mojawapo ya mahali hapo. Kama unaiuza, ifute kabisa baada ya kufungua faili kadhaa kutoka kwenye kila nakala na kuona kuwa zinafunguka.