Namna ya Kutembea Njia Fupi ya Mzunguko Katika Hifadhi ya Msitu

Njia ya mzunguko huanzia langoni na kumrudisha mtembezi pale pale langoni bila kukanyaga mara mbili ardhi ile ile. Raha yake ni hiyo, na taabu yake pia hutoka hapo hapo: kila kilicho mbele ni kigeni, kwa hiyo aliyekosea njia anaweza kwenda mbali kabla ya kushtuka, maana hana alichowahi kukiona cha kumwambia kwamba hapa sipo.

Anza kwa kukadiria muda. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo bado hutumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, mzunguko wa kilomita 6 wenye mpando wa mita 150 ungechukua karibu saa moja na nusu, lakini Naismith alimfikiria mtu mkakamavu asiyesimama. Anayetembea na watoto, au anayesimama kutazama ndege na uyoga, ajipe saa mbili na nusu, kisha ahesabu kurudi nyuma kutoka wakati wa jua kuchwa, akikumbuka kwamba chini ya miti iliyoshonana giza huingia mapema kuliko uwandani. Mwachie mtu asiyefuatana nawe jina la njia na saa unayotarajia kurudi.

Mzigo usiwe mkubwa: maji ya nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kukiwa na joto, koti la mvua, tochi, kitu cha kutafuna, na filimbi. Filimbi haina uzito wowote, na sauti yake hufika mbali kuliko ya mtu anayeita. Ishara ya kuomba msaada ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha kurudia.

Langoni, piga picha ubao wa ramani hata kama una ramani kwenye simu. Simu nyingi hupokea ishara za setilaiti na kuonyesha ulipo hata pasipo mtandao, ila ramani yenyewe lazima iwe imepakuliwa kabla. Tazama pia mistari ya mwinuko: inapobanana ndipo penye mteremko mkali. Hifadhi isipokuwa imeweka mwelekeo maalumu, mimi huchagua kupanda upande mkali na kushuka upande wa taratibu, kwa kuwa magoti huumia zaidi kwenye kushuka.

Umakini mkubwa kuliko wote uuweke kwenye njia panda. Njia nyingi huwekwa alama za rangi kwenye magome ya miti, na kosa la kawaida si kutozielewa bali ni kuacha kuzitazama. Niliwahi kupita njia panda nikiwa katikati ya mazungumzo, nikafuata kijia cha wanyama kilichokuwa kipana na safi kuliko njia yenyewe, na kilichonizindua ni matawi yaliyoanza kunigusa usoni. Kwa hiyo kila penye njia mbili, simama, tafuta alama, kisha geuka utazame ulikotoka, kwani msitu unaotazamwa kwa nyuma huonekana mwingine kabisa. Ukitembea dakika tano bila kuona alama, rudi hadi kwenye ile ya mwisho, wala usijaribu kukata mkato.

Uamuzi wa kuendelea au kurudi ufanyike mapema. Katika mzunguko wa kilomita 6, aliyechoka kwenye kilomita ya pili ana 2 za kurudi dhidi ya 4 za kuendelea. Akishapita ya tatu, kurudi hakumpunguzii chochote.

Kuhusu miguu, adui ni mizizi iliyovuka njia. Ile iliyosuguliwa na viatu hadi ikapoteza gome hung'aa kama mfupa, na ikilowa huteleza kama sabuni, iruke, usiikanyage. Penye gogo, chungulia upande wa pili kabla ya kutua mguu. Penye tope, pita katikati ingawa viatu vitachafuka, kwa sababu kila anayekwepa pembeni huua mimea na kuipanua njia.

Ngurumo zikianza, ondoka chini ya mti mrefu kuliko mingine, na usiendelee hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ukitoka, jikague kama umepandwa na kupe: nyuma ya magoti, kinenani, makwapani na kwenye mizizi ya nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole moja kwa moja bila kumpindisha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Kisha mpigie yule uliyemwachia saa ya kurudi, kabla hajaanza kukutafutia watu.